Karo la jirani, kisima changu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako nizungumzie majitaka, na leo sisemi ya viwandani.

Kila ukifanyika msako wa wachafuzi wa maji hapa Dar es Salaam, kamera zinakimbilia Mto Msimbazi. Bomba linalotoa maji meusi linanyooshewa kidole, kiwanda kinatozwa faini, habari imekwisha. Sina ugomvi na hilo. Mto ule unashuka kutoka Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani hadi Daraja la Salenda, na umebebeshwa mengi. Anayemwagia humo abanwe. Ila mto una bahati moja, unaonekana. Maji yaliyo chini ya nyumba zetu nani atayapiga picha?

Huku kwetu Mwananyamala kila mtu ana karo lake la majitaka, na pembeni shimo la kunyonyea linaloyazamisha maji hayo ardhini. Ukame wa 1997 ulifanya visima vichimbwe kila kona ya jiji, na mgawo wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, ukatukumbusha kwa nini hatuvifukii. Basi kwenye kiwanja kimoja kidogo unakuta majitaka yanashushwa huku na maji ya kuoga yanavutwa kule, na katikati ni mchanga mtupu.

Mei iliyopita nilifunua kisima changu, kile cha zamani cha kuchimba kwa mkono. Maji yalikuwa yamepanda hata nikayachota kwa kamba isiyozidi urefu wa mkono wangu. Siku hiyohiyo fundi alikuwa amefunua karo la jirani. Nikachungulia. Usawa ni uleule. Kutoka shimo hili hadi lile nilihesabu hatua tisa. Wataalamu wanataka angalau mita 30, na kitako cha shimo kiwe mita 1.5 au zaidi juu ya maji ya ardhini. Kwetu, masika ikikolea, kitako kinaogelea.

Nikapeleka chupa maabara. Vijidudu nilivitegemea. Kilichonikosesha usingizi ni nitrati, kemikali inayoweza kutoka kwenye majitaka ya vyooni: ilikuwa imepita miligramu 50 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mama watoto akasema tutachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, na tangu mlipuko wa 2015 tumeimbiwa hivyo hadi tumekariri, lakini nitrati haina uhai wa kutolewa. Maji yanapopungua sufuriani yenyewe inabaki palepale, inazidi kukolea. Anayedhurika zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwa kuwa inaizuia damu yake kubeba oksijeni. Mjukuu wetu ana miezi minne. Maji yake sasa tunanunua.

Wapo watakaosema sheria hakuna. Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kutoka bodi ya maji ya bonde la mto, kwetu ni Wami/Ruvu, kwa mwenye biashara, kiwanda au mtambo anayetaka kutiririsha majitaka, iwe mtoni au kwenye matabaka ya chini ya ardhi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo tumeyasahau. Nyuma ya nyumba yangu limesimama ghorofa la kupangisha, familia zaidi ya ishirini, na majitaka yao yote yanaishia kwenye shimo moja la kunyonyea. Mwenye ghorofa naye si mfanyabiashara? Nilipouliza kibali, niliambiwa ramani ilishapitishwa. Nikaitazama: maegesho yamechorwa, hadi miti ya kivuli imechorwa. Kisima changu hakimo.

Ninachoomba si kikubwa. Mtu anayeleta ramani ya nyumba ya kupangisha, gesti, zahanati au sehemu ya kuoshea magari aonyeshe visima vya majirani vilivyo ndani ya mita 30, na bodi ya bonde isaini kabla halmashauri haijagonga muhuri. Kina cha maji ya ardhini kipimwe masika, Aprili au Mei, maana Septemba kila shimo ni kavu na kila mchoro unapita. Na majibu ya vipimo vya wenye vibali yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, pale panapobandikwa majina ya wapiga kura, tuyasome.

Hapo sijawataja wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, yaani wanaofungulia shimo uchafu uondoke na maji ya mvua. Usiku ukisikia tofali la kuzibia shimo linaburuzwa, unajua kesho uchochoro haupitiki. Nawalaumu, ndiyo, ila nusu nusu. Gari la kunyonya haliingii kwenye vichochoro vyao, na wale vibarua tunaowaita vyura wakiitwa kutapisha kwa mkono, mara nyingi wanachofanya ni kuchimba shimo jingine uani na kuhamishia humo. Kumtoza faini mpangaji wa chumba kimoja na kuliacha ghorofa ni kuonea. Mwenye ghorofa ana nafasi ya kujenga karo la maana na uwezo wa kulipa gari liende kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti.

Karatasi ya maabara ninayo, nimeifunika kwa nailoni isilowe. Ofisi ya kwanza waliniambia kisima ni suala la bodi ya bonde. Ya pili wakasema karo ni suala la halmashauri. Naomba yeyote anayehusika anijibu kupitia safu yako: niipeleke dirisha lipi?

Mkazi wa Mwananyamala,
Dar es Salaam