Geji ya boila ikishuka, uliza maji yamekwenda wapi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuseme na wasomaji wanaoishi Uingereza, hasa wapangaji, kuhusu ushauri unaozunguka kila msimu wa baridi unapoingia: geji ya presha ya boila (mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto kwa maji) ikishuka, fungua koki ya kujazia, sindano ipande, basi. Siku ya kwanza ushauri huo unafaa. Ukirudiwa kila wiki, ndio unaoua boila.

Dereva akiona rejeta inakunywa maji kila asubuhi, hamwambii utingo aendelee kujaza dumu. Anainama chini ya gari. Boila ya nyumbani ni hivyo hivyo, maana maji yanayopasha nyumba joto hayatumiki yakaisha. Yanatoka kwenye boila, yanapita kwenye radieta, yaani paneli za chuma zinazotoa joto vyumbani, yanarudi kupashwa upya. Usiyachanganye na maji ya bombani, ambayo kwenye boila nyingi za siku hizi yanapita upande mwingine yakielekea bafuni na jikoni. Mfumo wa joto umefungwa. Ukiwa umepoa sindano hukaa kati ya bar (kipimo cha presha) 1 na 1.5, na ukiwa wa moto hupanda kidogo tu. Ukishatoa hewa kwenye radieta ni kawaida kuongeza maji kidogo. Zaidi ya hapo, mfumo unaodai maji kila mara unavuja, hata kama sakafu ni kavu.

Madhara yanakuja polepole. Maji mapya huingia na oksijeni, na oksijeni hula chuma cha radieta kwa ndani. Kutu hiyo huwa tope jeusi linaloshikwa na sumaku, na tope hilo huziba njia nyembamba za boila na kukwangua pampu. Dawa ya kuzuia kutu nayo inazidi kuzimuliwa kila unapojaza. London na kusini mashariki mwa Uingereza, ambako maji yana chokaa nyingi, unaongeza pia magamba ndani ya kipasha joto, sehemu ya boila ambamo maji hupashwa. Kwa hiyo anayejaza kila siku kuficha tundu moja anatengeneza matundu mengine.

Kabla ya kumwita fundi, jua ni maji gani yanayodondoka. Chini ya boila yanaweza kutoka maji ya aina nne, na kila moja lina chanzo chake. Maji ya mfumo wa joto mara nyingi ni ya kijivu au meusi, na yakivuja geji hushuka. Maji ya bombani ni safi, hudondoka hata boila ikiwa imezimwa, na geji haitikisiki. Maji ya jasho la moshi, yaani mvuke wa gesi iliyoungua uliogeuka maji, ni safi pia lakini yana asidi, na hutoka boila inapowaka tu. Karatasi za kupimia asidi zitaonyesha pH ya kiasi cha 3 hadi 5. La nne ni maji ya mvua yanayoingia kwenye dohani ambayo haikuzibwa vizuri ukutani. Hilo utalijua kwa kalenda, kwamba boila inavuja siku za upepo na mvua tu. Chukua karatasi ya jikoni, kausha kila kiungo chini ya boila, kisha kigusishe kimoja kimoja. Maji hutambaa juu ya bomba na kudondokea mbali, kwa hiyo tone linapoangukia si lazima pawe ndipo linapotoka.

Kama geji inashuka na huoni tone popote, fanya jaribio la usiku. Zima boila kwenye swichi ya umeme, acha ipoe kabisa, andika namba ya geji. Kisha funga koki mbili za mfumo wa joto zilizo chini ya boila, ya maji yanayokwenda na ya yanayorudi. Kitabu cha boila kina mchoro wa koki zote. Ya gesi iache kama ilivyo. Asubuhi soma geji. Ikiwa imeshuka, tatizo liko ndani ya boila, maana geji imebaki upande huo. Ikiwa imesimama palepale, fungua zile koki polepole ukiitazama sindano. Ikianguka ghafla, maji yamepotelea upande wa mabomba na radieta. Jaribio hili halina gharama, na fundi akifika anaanzia mahali sahihi.

Kuna bomba moja linalosahauliwa kwa sababu liko nje. Ni la shaba, aghalabu la milimita 15, limetoka ukutani likageuzwa mdomo kuelekea ukuta. Hilo ni la vali ya usalama, inayofunguka presha ikifika bar 3. Funga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wake, washa joto kwa saa chache, kisha utazame. Mfuko ukiwa na maji, umepata njia yalikopitia.

Ila usikimbilie kuilaumu vali. Maji yakitoka baridi ya nyuzi 10 hadi nyuzi 80 hutanuka kwa karibu asilimia 3. Mfumo wenye lita 100 unahitaji mahali pa kuweka lita 3 hivi. Mahali hapo ni tangi la mtanuko, ambalo mara nyingi ni jekundu au la kijivu. Ndani limegawanywa na utando wa mpira, upande mmoja maji, upande wa pili hewa. Hewa ikiisha, maji hayana pa kutanukia. Dalili yake ni sindano inayopanda toka 1 hadi 3 nyumba inapopata joto, vali ikamwaga, halafu kila kitu kikipoa geji ikasoma karibu na sifuri. Mwenye nyumba anaona sifuri, anajaza, na kesho yake mzunguko unaanza tena.

Tangi likiwa nyuma ya kava la boila, ni kazi ya fundi aliyesajiliwa. Hata hivyo ni vizuri ujue inavyofanywa, kwa kuwa hukosewa sana. Tangi lina kidude cha kujazia upepo kama cha tairi la gari. Akibonyeza pini na maji yakatoka, utando umechanika na tangi linabadilishwa. Ikitoka hewa dhaifu au isitoke kitu, hujazwa, lakini kwanza presha ya maji imwagwe hadi sifuri na koki ya kumwagia iachwe wazi. Anayepima hewa mfumo ukiwa na presha anapima presha ya maji yanayosukuma utando, kisha anaondoka akiamini tangi ni zima. Presha ikishamwagwa, hujazwa kwa pampu ya mguu hadi kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi bar 0.75 hadi 1. Ndipo koki ifungwe na maji yarudishwe. Vali ya usalama iliyokwisha kufunguka mara kadhaa hukalia uchafu na haifungi tena vizuri, basi ibadilishwe siku hiyo hiyo. Kubadilisha vali na kuacha tangi bila upepo ni kutupa pesa.

Lipo tatizo la kinyume, na linawachanganya wengi: geji inapanda yenyewe bila mtu kugusa kitu. Maji ya bombani yana presha kubwa kuliko ya mfumo wa joto, kwa hiyo yakipata upenyo yanaingia. Njia ni mbili. Ama koki za mpira wa kujazia, ule unaounganisha bomba la maji na mfumo wa joto, hazifungi sawasawa, ama kipasha joto cha mabamba, kinachopasha maji ya bafuni, kimetoboka ndani. Funga koki zote mbili za mpira wa kujazia, kisha uufungue mpira wenyewe uuondoe. Geji ikiendelea kupanda, ni mabamba. Kanuni za maji za Uingereza zinataka mpira huo uondolewe baada ya kujaza, ingawa nyumba nyingi zinauacha umefungwa miaka nenda rudi.

Ndani ya boila penyewe, sehemu zinazovuja hazina siri. Oringi, yaani pete za mpira, za vali na viungio hukauka kwa joto na kuwa ngumu kama plastiki. Bei yake ni ndogo, kazi ni kuzifikia. Kitoa hewa kinachojiendesha, kwa kawaida kando ya pampu, hudondosha maji kofiani uchafu ukizuia boya lake. Pampu huvuja kwenye maungio ya kichwa na mwili. Fundi hufuata madoa meupe au ya kijani kwenye shaba, yaliyoachwa na maji yaliyokauka. Kipasha joto kikuu kikipasuka au kuliwa na kutu, mara nyingi ni hesabu ya kununua boila mpya. Jambo la haraka kuliko yote ni bodi ya umeme, ambayo kwenye boila nyingi iko chini ya mabomba hayo. Ukiona maji yanatoka kwenye kava, zima umeme wa boila kwanza, beseni baadaye. Skrubu za kava usizifungue: kwenye boila nyingi kava ndilo linalozuia moshi usiingie ndani ya nyumba, na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu.

Upande wa radieta ndiko unakoweza kujisaidia. Vali ikilia machozi kwenye shingo, chini ya kifuniko cha plastiki kuna nati ndogo. Ikaze robo ya mzunguko, isizidi. Isipokoma, fundi ataizungushia tepu nyeupe ya mabomba. Panapovuja kati ya vali na radieta, tumia spana mbili, moja ishike mwili wa vali na nyingine ikaze nati. Anayetumia spana moja anazungusha bomba la shaba na kufungua kiungo cha chini ya sakafu, na huko hatakuona. Radieta yenye tundu dogo kama la sindano imekwisha liwa kwa ndani. Gundi haitakaa, ibadilishwe.

Mabomba ya shaba yaliyozikwa kwenye zege bila kuvishwa kinga huliwa na saruji. Doa la joto sakafuni, paka akilipenda mahali pamoja, ni ishara ya kutosha kumwita mwenye kamera ya joto. Dawa za kumimina za kuziba matundu tunazionea shaka: hufaa kwa unyevunyevu mdogo usioonekana, lakini zinaweza pia kuziba kitoa hewa na mabamba. Zisiwe jambo la kwanza.

Na jasho la moshi? Boila za kuvuna joto la moshi ndizo zilizotakiwa England tangu Aprili 2005, na zote zinamwaga maji hayo kupitia bomba la plastiki. Likipita nje likiwa jembamba, milimita 21.5, huganda. Baridi ya Desemba 2010 iliwafundisha wengi. Boila hugugumia, hujizima, wakati mwingine maji hurudi na kumwagika ndani. Limiminie maji ya vuguvugu, si yanayochemka. Kisha lipanuliwe hadi milimita 32, livishwe sponji, na literemke milimita 45 kwa kila mita.

Mpangaji asibebe gharama isiyo yake. England, kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 kinamtaka mwenye nyumba, kwa upangaji wa kawaida, kutengeneza mitambo ya joto na maji moto. Na kanuni za gesi za 1998 zinamtaka ikaguliwe kila mwaka. Fundi awe wa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI mwaka 2009. Geuza kadi yake nyuma uone kazi alizoruhusiwa. Ukisikia harufu ya gesi, toka nje upige 0800 111 999.

Kila unapoongeza maji, andika tarehe, saa na namba ya geji kabla na baada, ikiwezekana upige picha. Mwenye nyumba akikuambia "jaza tu", mtumie orodha hiyo.

Mafundi wa mitambo ya joto,
Leicester, Uingereza