Wagalatia 6:7 isisomwe nusu mazikoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wahubiri wetu wa Malindi jambo moja: msisome tena Wagalatia 6:7 mazikoni bila kusoma aya sita zinazoitangulia.

Juzi mtaani kwetu tulizika kijana aliyemalizwa na unga wa kulevya. Mamake alikuwa ameketi mkekani, leso kajifunika hadi machoni, na mhubiri kasimama hatua mbili mbele yake akitangaza kwamba apandacho mtu ndicho atakachovuna. Akarudia. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuweza.

Sikatai kwamba neno hilo limo, wala haliko peke yake. Warumi 2:6 inasema Mungu atamlipa kila mtu kwa kadiri ya matendo yake, na Ufunuo 22:12 vivyo hivyo. Lakini sura ile ya Wagalatia inaanza kwa kutuamuru tumrejeze kwa upole mtu aliyeghafilika katika kosa, kisha tuchukuliane mizigo. Ndipo inakuja aya ya 7, na ya 9 inatuhimiza tusichoke kutenda mema. Paulo anasema na waliosimama. Mavuno yale ni yetu, sisi tuliokuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki.

Na wale vibarua wa Mathayo 20, walioingia shambani saa kumi na moja jioni, husemwa kuwa wavivu. Someni tena. Mwenye shamba aliwauliza mbona wamesimama mchana kutwa bila kazi, wakajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Basi. Hata hapa Malindi mtu hudamka alfajiri akakaa na karai lake barabarani hadi jua likazama, asiitwe na yeyote, hasa watalii wakipungua. Dinari ilikuwa ujira wa siku, yaani chakula cha nyumba. Walioanza asubuhi hawakudhulumiwa, walipewa walichopatana. Kilichowauma ni kuona mwenzao naye amepata.

Hukumu ya Mathayo 25 inauliza matendo gani? Nilikuwa na njaa, nilikuwa mgonjwa, nilikuwa kifungoni. Kijana yule aliwahi kuwekwa rumande. Katika sisi tulioitikia amina, nani alikwenda kumwona? Wenye haki wa sura ile hata hawakuyakumbuka mema yao, kwa kuwa hawakuwa wakiyahesabu.

Sisi wa huku tumeona watu wakifundishwa kwamba mbingu hununuliwa kwa mateso. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, hapa kaunti yetu ya Kilifi, na waliopona walisimulia jinsi walivyohimizwa kufunga hadi kufa ili wakamwone Yesu. Yule mhalifu msalabani, Luka 23, hakuwa na saumu wala sadaka ya kuonyesha. Aliomba kukumbukwa tu, akaahidiwa peponi siku ileile.

Rehema hiyo haifuti hesabu ya matendo. Zaburi 62:12 inaviweka vyote viwili katika aya moja, kwa Mungu mmoja. Kwa hiyo hubirini matendo, tena kwa nguvu, lakini hubirini Jumapili, kwetu sisi wazima ambao bado tunaweza kugeuka. Mama aliyefiwa msomeeni Zaburi 103, aya ya 8 hadi ya 14, kisha mmoja wenu apite kwake matanga yakishaanuliwa. Bado ana watoto wa kulea.

Msomaji wako,
Malindi