Aliyepoteza kazi asitozwe faini na chama

Mhariri,

Nina duka la rejareja Kaptembwo, Nakuru, na mtu akipoteza kazi mimi hujua kabla ya jirani zake. Kwanza pakiti ya unga ya kilo mbili inageuka gorogoro, ile ya kupimiwa kwa mkebe. Mafuta ya kupikia yanakuwa ya kupimiwa. Halafu baba mwenyewe haonekani tena dukani, anatumwa mtoto, na tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Na deni lenyewe ni shilingi mia nne!

Wapo wanaoamka alfajiri, wakavaa ovaroli na kutoka kana kwamba wanawahi zamu, kisha wakashinda Nyayo Gardens hadi jioni. Mke anakuja kujua siku mwenye nyumba anapobisha mlango. Ugomvi unaoanza hapo mara nyingi si wa pesa. Ni wa kufichwa.

Mji huu umeyaona haya. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa hapa mwaka 2014. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, na alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Vyema. Lakini mwezi huo unaweza kupita mtu akipiga kazi kama kawaida, kimya, nyumbani hawana habari. Mbona usitumiwe kumleta mshauri nasaha, wake na waume wa wafanyakazi wakaalikwa, wakaelezwa malipo ni kiasi gani na SHA, bima ya afya ya serikali, italipwaje makato ya mshahara yakikoma?

Sisi wa mtaani nasi tuna letu. Chama chetu cha kuchangiana pesa kina faini ya kuchelewesha mchango na nyingine ya kukosa mkutano. Aliyeachishwa kazi hana mchango, anaona haya kuja, anatozwa zote mbili, kisha tunamsengenya kwamba amekuwa mjanja. Ilhali ni kwenye mkutano huohuo angesikia nani anatafuta fundi au mlinzi.

Nimependekeza kwetu asamehewe mchango na faini kwa miezi sita, ila mkutanoni aje. Wengine wamepinga wakidai watu watajifanya. Sijui ni nani atakayejitangaza hana kazi mbele ya majirani ili aokoe faini ya shilingi hamsini. Hoja inarudi mkutanoni mwezi ujao, na ningependa vyama vingine vya Nakuru viijadili pia.

Mwenye duka,
Kaptembwo, Nakuru