Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Tuleteeni riwaya, walimu tupumue

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kata, kusini mwa Tanzania. Madai ya mshahara chama chetu huyasema kila Mei Mosi. Mimi naomba riwaya.

Ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto ambao wangebaki nyumbani walikuja shuleni, na nafurahi kuwafundisha. Ila mikondo imefurika. Sijamaliza kusahihisha insha za mkondo mmoja, za mwingine zimeshaletwa. Bado andalio la somo, bado zamu, bado vikao. Kupanda daraja kwangu kumekwama. Kila nikifuatilia naambiwa jalada linashughulikiwa, na walioajiriwa baada yangu wamenipita. Uchungu wa namna hiyo hauishii ofisini. Mwalimu huingia nao darasani, ukamwangukia mtoto aliyechelewa kwa sababu anatoka mbali kwa miguu.

Riwaya ndizo zinazonizuia nisifike huko. Usiku, madaftari yakishafungwa, nahamia kwa makuli wa bandari ya Unguja, au kwa binti wa Ukerewe anayechungwa na baba mkali. Kwa muda huo simsubiri mtu wala barua. Na asubuhi naona tofauti: mwanafunzi msumbufu namtazama kama mhusika ambaye sura zake za mwanzo sijazisoma. Namuuliza kwanza amelala wapi, amekula nini. Fimbo inakaa ilipo.

Wapo watakaosema huko ni kukimbia matatizo. Ndiyo, nakimbia, na narudi. Nimeona wenzangu waliokimbilia pombe, na wengine ambao wameshika chaki lakini akili imeshaacha kazi. Walikuwa walimu wazuri sana. Inaniuma kuwataja.

Sasa, Mheshimiwa, vitabu vyenyewe tuvipate wapi? Kabati la shule yetu lina vitabu teule vya mtihani, vilevile nilivyosoma nikiwa mwanafunzi. Duka la mjini huuza daftari, kamusi na vitabu vya kiada. Mwaka 2021 tulimshangilia Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata riwaya yake ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Nakala niliyoisoma niliazimwa na mwalimu wa shule jirani, naye aliazimwa. Jalada limeshonwa kwa uzi. Tunayo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa washindi wake wa kwanza mwaka 2023. Kazi hizo zinatakiwa zifike huku tuliko.

Ninachoomba si kikubwa. Ruhusu sehemu ndogo ya ruzuku ya shule inunue riwaya za walimu, zisizofungwa na mtihani wala silabasi. Pale penye kituo cha walimu, pawekwe rafu ambayo shule za jirani zitaazima kwa zamu.

Lingine halina gharama. Waelekeze wakuu wa shule na wathibiti ubora kwamba mwalimu anayesoma riwaya ofisini, akiwa hana kipindi na kazi zake zimekamilika, hajategea. Nimewahi kuambiwa nifunge kitabu nifanye kazi, na hadi leo silikubali neno lile. Mwalimu Nyerere alikuwa na nchi nzima mabegani, na bado tafsiri yake ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963 akiwa Rais. Sidhani kuna aliyemwona mtegaji.

Tuanze na riwaya ishirini kwa kila kituo. Orodha naweza kuiandaa hata wiki hii kwa kushirikiana na walimu wenzangu wa somo, na rafu ya kata yetu nitaitunza mwenyewe bila posho.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kiswahili, sekondari ya kata