Malalamiko kuhusu ratiba na ankara ya safari ya familia Bagamoyo

Kamati ya Wazazi,
Nyegezi,
Mwanza.
19 Mei 2025

Meneja,
Idara ya Safari za Familia,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: RATIBA NA ANKARA YA SAFARI YA BAGAMOYO, 11–15 JUNI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumepokea ratiba, kipeperushi na ankara mlizotuma baada ya wazazi kulipa malipo ya awali. Tumezipitia mstari kwa mstari na hatuzikubali. Mlichotuuzia kwa jina la "safari ya familia" ni ziara ya mtu mzima anayetoka Dar es Salaam asubuhi na kurudi jioni. Mmeivuta ikafika siku tano, mkapandisha bei. Watoto wa msafara huu wana umri wa miaka 5 hadi 11 na wanatoka Mwanza, na hakuna mahali kwenye ratiba panapoonyesha kwamba mlilijua hilo.

Tuanze na barabara. Mmeandika: "Kuondoka Nyegezi saa 11 alfajiri, kuwasili Bagamoyo usiku huohuo." Kutoka hapa hadi Pwani ni zaidi ya kilometa 1,100, kupitia Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Basi la abiria lenye madereva wa kupokezana hutumia saa 16 na zaidi. Coaster yenye watoto wadogo, ambao kila baada ya saa mbili au tatu lazima washuke wajisaidie, wale na wanyooshe miguu, haitawahi. Ninyi mmeweka vituo viwili tu na dereva mmoja. Tunataka msafara uondoke siku moja mapema, tarehe 10, ulale Dodoma, na madereva wawe wawili.

Njia yenyewe nayo haieleweki. Mnatushusha mpaka Mbezi Luis, tukae kwenye foleni ya Dar es Salaam, ndipo tupande tena kaskazini kupitia Tegeta. Kwa nini? Mkifika Chalinze mnakata kushoto hadi Msata, na kutoka Msata hadi Bagamoyo ni kilometa 64 za lami. Kwa gari mlilolikodi wenyewe, hakuna kinachowalazimisha kuingia Dar.

Viti: ankara imetoza kila mtoto kiti kamili, lakini mchoro wa viti unaonyesha watoto wawili wawili kwenye kiti kimoja. Kila aliyelipiwa apewe kiti chake na mkanda wake.

Sasa bahari, ambayo ndiyo iliyotuonyesha kwamba aliyepanga hakuangalia hata kalenda. Ratiba inasema watoto wataogelea saa 4 asubuhi, tarehe 12, 13 na 14 Juni. Mwezi mpevu ni tarehe 11. Siku hizo ni za bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, na bamvua katika pwani hiyo hujaa alasiri, kwenye saa 10 na kuendelea, na kupwa asubuhi majira ya saa 4 hivi. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, maji yakipwa yanakwenda mbali sana na kuacha mchanga wa tope. Yaani saa mliyowapangia watoto kuogelea ndiyo saa ambayo maji hayapo. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 40 hadi 50, kwa hiyo hata mngepatia saa ya siku ya kwanza, ya tatu isingekuwa ileile. Fungueni jedwali la maji la Dar es Salaam, mpange kuogelea wakati maji yanapanda na kukaribia kujaa, si yanapoanza kurudi.

Hili kwa watoto wa ziwani si dogo. Mtoto wa hapa amefundishwa kuogopa kichocho na mamba. Hajawahi kuona maji yakiondoka na kurudi, na akitembea kwenye mchanga uliokauka kuokota kombe hatajua kwamba mkondo unajaa nyuma yake. Mnatakiwa kuweka mtu mzima anayeijua bahari, akae majini na si kwenye kivuli cha baa, kwa muda wote wa kuogelea.

Ziara ya mji mmeirundika yote tarehe 12, kuanzia saa 2 asubuhi, tena juu ya saa ileile mliyopanga kuogelea: Caravanserai (kituo cha misafara ya zamani), Boma la Wajerumani, mitaa ya Mji Mkongwe, misheni ya Wakatoliki, halafu magofu ya Kaole saa 7 mchana, chakula saa 9. Misheni iko upande mmoja wa mji na Kaole upande wa pili, kama kilometa 5 kusini. Magofu hayana paa. Saa 7 hapo ni jua la utosini. Kaole iwe tarehe 13, saa 2 asubuhi, kwa gari. Tarehe 12 asubuhi ibaki kwa Caravanserai na Boma tu, na misheni iende tarehe 14 asubuhi, ili kila alasiri ibaki huru kwa bahari. Kwenye makumbusho dakika 40 zinatosha. Zaidi ya hapo mtoto wa miaka 6 anaanza kugusa vitu.

Kipeperushi kinaahidi pia "picha ya ukumbusho, watoto wakiwa wamevaa minyororo ya watumwa". Hili tunalikataa moja kwa moja, na tunashangaa lilipitaje mezani kwenu. Habari za utumwa na za watu walionyongwa na Wajerumani watoto wataelezwa, kwa lugha ya umri wao, na mwongozaji aliyezoea watoto. Hazichezewi.

Makosa ya historia yako mengi, tunataja yale ambayo mtoto atayarudia shuleni. Boma halikujengwa 1860 wala halikuwa makao makuu ya koloni: lilijengwa 1897, na makao makuu yalikuwa yamehamia Dar es Salaam tangu 1891. Livingstone hakuishi Bagamoyo. Alifariki 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake hadi misheni ya Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kaole si ya Wajerumani hata kidogo. Msikiti wake ni wa karne ya 13. Na kile ambacho kingewagusa watoto wa huku mmekiacha kabisa: mpelelezi Stanley alianza safari Bagamoyo Novemba 1874 na Februari 1875 akafika Kageye, hapo Magu, ukingoni mwa ziwa hili hili.

Chakula ni samaki na kamba milo yote. Wekeni wali maharage na kuku pia. Wapo watoto ambao hawajawahi kula kamba na haijulikani miili yao itawapokeaje.

Ankara, mambo mawili. Kurudi tunapanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na mmetoza watoto wote nauli kamili, wakati mtoto wa kati ya miaka 4 na 12 hulipa nusu. Pili, mmeandika "viingilio vyote vimelipwa", lakini mchanganuo una maeneo ya serikali tu. Makumbusho ya misheni ni ya Kanisa na yana kiingilio chake. Msituache mlangoni tukichangishana.

Tunaomba ndani ya siku 7 tangu kupokea barua hii mtupatie kwa maandishi: ratiba mpya yenye kulala Dodoma na saa za bahari zilizorekebishwa, majina ya madereva wawili na mwongozaji, na ankara yenye mchanganuo wa kila mtoto kwa umri wake. Mkishindwa, turudishiwe malipo ya awali yote kwa namba zilezile za simu yalikotoka. Baada ya hapo tutapeleka kipeperushi, ratiba na ankara Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Wenu,

Kamati ya Wazazi
Nyegezi, Mwanza

Viambatisho: ratiba, kipeperushi, ankara, stakabadhi za malipo ya awali, orodha ya watoto na umri wao.