Lipige picha paa kabla mvua haijalifikia

Aurora, Colorado
Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi tu wazima. Nimesikia mmenunua gari-nyumba la mkono wa pili huko Omaha, nami sikutaka kulala kabla sijakuandikia.

Mwezi uliopita mvua ya mawe ilitushukia saa kumi alasiri. Unazijua za huku: ile ya tarehe 8 Mei 2017 hapa Denver ilizigharimu kampuni za bima zaidi ya dola bilioni 2. Yetu ilidumu dakika kumi hivi. Ilipokatika niliokota mawe matatu, nikayapanga kando ya sarafu ya robo dola na kuyapiga picha kabla hayajayeyuka. Sarafu ile ina upana wa milimita 24, na hata jiwe dogo kati ya yale liliizidi.

Nilitaka kupanda ngazi, mke wangu akanishika shati. Paa la gari-nyumba letu liko juu zaidi ya mita tatu, limefunikwa utando wa mpira, na mpira uliolowa huku umejaa barafu ni utelezi mtupu. Tukamwomba jirani. Ana droni ndogo isiyofika gramu 250, na ana cheti cha urubani. Usidharau hicho cheti. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, haihesabu kukagua paa kuwa burudani. Rubani anatakiwa awe amefaulu mtihani wa Part 107, yaani kanuni za droni zisizorushwa kwa burudani, na droni iwe imesajiliwa, hata ikiwa nyepesi namna gani. Usajili wenyewe ni dola 5 kwa miaka 3.

Picha za kwanza, zilizopigwa jua likiwa kali, hazikufaa: paa jeupe lilimeremeta, hukuona kitu. Tukarudia jua lilipoinama, na vivuli vikafichua kila kibonyeo. Kifuniko cha tundu la hewa kilikuwa na matobo matatu. Ufa mmoja ulishuka hadi ukingoni, na hapo gundi ya kuzibia ilikuwa imebanduka kama gaga la kidonda. Kifuniko hicho kina kipimo kinachojulikana, kama sentimita 35 kila upande, kwa hiyo kilitufaa kama rula ndani ya picha. Baada ya hapo ndipo tukafunika turubai. Risiti yake niliitunza.

Mkadiriaji wa bima alipokuja alisema gundi ile ilichakaa zamani, na bima hailipi uchakavu. Swahiba, miguu iliniisha nguvu. Akiba yetu yote iko kwenye gari lile.

Kilichotuokoa ni picha ya Aprili. Jirani alikuwa akirusha droni yake kwa kujifurahisha tu, na paa letu likaingia kwenye picha. Ukiikuza unaona gundi nyeupe imezunguka kifuniko chote, haina hata mkwaruzo. Tukazituma picha zote mbili, hiyo ya Aprili na ya baada ya mvua, kwa barua pepe, mafaili halisi kama yalivyotoka kwenye droni, kwa sababu tarehe na mahali vimehifadhiwa ndani yake. Usizipitishe WhatsApp: huzibana picha na kuzifuta taarifa hizo. Wiki mbili baadaye walikubali kulipa, wakatoa tu ile sehemu ambayo kwa mkataba naibeba mwenyewe.

Sasa nakusihi: wiki hii, kabla wingu halijakusanyika, mtafute mtu mwenye cheti akupigie paa zima, kisha kila kifuniko, kila dirisha la juu, na kiyoyozi pande zote nne. Mlipe anachotaka. Zihifadhi picha mahali pawili.

Namba ya chasisi usiisahau, ipigwe siku hiyo hiyo ili wasiseme ni gari jingine. Ukikosa mtu huko, jirani yangu yuko tayari kukueleza kwa simu namna ya kumpata. Nipigie kesho baada ya kazi.

Ni mimi,
swahiba wako