Barua kwa Kulwa: bondo la sangara na mapafu ya kamongo

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Kulwa,

Marahaba mwanangu, salamu zako zimefika. Huku tu wazima. Doto anakusalimu, Jumamosi ananisaidia kupima dagaa sokoni Mwaloni na, kama kawaida yake, anawazidishia wateja.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umekasirika mwalimu kukukata alama kwa kuweka uyoga kwenye mimea. Halafu unauliza haya majina ya Kilatini yanamsaidia nini mtu wa Mwanza. Ngoja nikujibu, maana CBG yangu (kemia, biolojia na jiografia) ya kidato cha sita haijaozea yote kwenye minofu ya samaki.

Nianze na hasara yangu. Kabla hamjazaliwa, mteja wa Dodoma alinipigia simu akaagiza magunia sita ya dagaa. Nikamfungashia wa hapa ziwani, wakavu, wanang'aa kama sindano. Mzigo ulipofika akaukataa: yeye alitaka dagaa wa Kigoma. Tukabishana wee, na nauli ya kwenda na kurudi nikalipa mimi. Wala hakuna aliyedanganya. Sokoni dagaa ni samaki yeyote mdogo anayeanikwa na kuliwa mzimamzima. Lakini wa kwetu ni Rastrineobola argentea, wa oda moja, yaani kundi moja kubwa la kiukoo, na samaki ningu, na wale wa Kigoma, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ni oda moja na sardini wa makopo. Ningeulizwa kwa majina hayo ningekuwa na hela yangu.

Mtindo huo wa majina mawili mawili, jenasi (kundi la ndugu wa karibu) kisha spishi (aina yenyewe), uliwekwa na Msweden Carl Linnaeus, mwaka 1753 kwa mimea na 1758 kwa wanyama. Na usidhani ni mambo ya Ulaya tu. Yule mjusi wa kwenye mawe nyuma ya nyumba, dume lenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, mnayemrushia vijiwe, anaitwa Agama mwanzae. Dunia nzima inamjua kwa jina la mji wako.

Sasa, makundi. Wewe na Doto hamfanani hata ukucha, na mtoto wa jirani ndiye watu wanayemdhania pacha wako. Lakini ninyi ndio mliotoka tumbo moja. Wanabiolojia wanachotafuta ni hilo tumbo, sura baadaye. Pimbi wa kisiwa cha Saanane ungemweka na sungura; ndugu zake ni tembo na nguva. Fisi maji si fisi, ni wa familia moja na nyegere.

Ila kwangu mimi hakuna mfano unaomshinda kamongo. Jumanne jirani yangu wa meza aliletewa mmoja mkubwa, akaniomba nimpasue kwa kuwa kisu changu ndicho kikali. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoa bondo la sangara: mfuko mweupe, mzito, unateleza mkononi. Mabondo unajua yanavyogombaniwa na wanunuzi, yanakwenda China. Kazi yake ndani ya sangara ni kumfanya aelee, asizame wala asipande bila kutaka. Nikafungua kamongo, hamna bondo. Kuna mapafu mawili marefu, yamelala chini ya uti wa mgongo, ndani yana vijumba vijumba kama sega la nyuki. Ndiyo maana wavuvi wanamwona akipanda juu kuvuta hewa. Ukimzuia asipande, anakufa maji, samaki huyo!

Hiyo mifuko miwili asili yake ni moja. Babu wa zamani sana wa hawa wote alikuwa na pafu. Upande wa akina sangara liligeuka kuwa boya. Upande wa akina kamongo likabaki pafu, na ni upande huo waliotokea chura, kenge, kuku, na wewe unayesoma barua hii. Kwa hiyo kamongo ana undugu wa karibu zaidi na wewe kuliko na sangara aliyelala naye meza moja. Nilipomwambia jirani, akasema basi yeye hali tena kamongo. Jioni alikula. Neno samaki lenyewe, ukiliangalia vizuri, ni la sokoni kama dagaa.

Turudi kwenye uyoga wako. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Uyoga hauwezi, unakula vilivyooza. Kuta za seli zake zina kitini, kitu kigumu kilekile kilichomo kwenye ganda la senene. Kwa ukoo uko karibu na wanyama kuliko na mchicha. Mwalimu hakukuonea. Na ule ukijani unaotanda ufukweni maji yakichafuka, mwingi si mmea pia, ni bakteria.

Himaya tano mnazokariri, yale makundi makuu ya viumbe, ni mpango wa Robert Whittaker wa 1969. Baadaye Carl Woese alilinganisha vinasaba vya vijidudu, na mwaka 1977 akaonyesha kwamba vingine vinavyofanana na bakteria kwa macho ni ukoo mwingine kabisa, arkea. Mwaka 1990 yeye na wenzake wakapendekeza domeni tatu, makundi yaliyo juu ya himaya. Kwenye mtihani andika tano, usije ukaleta ubishi wa Mwaloni huko. Lakini kukariri bila kuuliza huyu ni ndugu wa nani, na tumejuaje, mimi naona ni kupoteza wino.

Nimekutumia kwa basi kilo mbili za dagaa na shilingi elfu ishirini. Dagaa ni wa hapa, usiulize. Mapafu ya kamongo nimekuwekea kwenye friza, ndani ya kopo la siagi, pamoja na kibondo kidogo ambacho wanunuzi walikikataa. Doto anadhani ni maini, kila jioni ananiuliza tunakaanga lini. Fungeni shule upesi.

Mama yako